Bia Nyeusi ya Wamonaki kwa Ulimi wa Pwani

Kaa kwenye baa yoyote ya Maili Moja, Kibaha, au pale Kisarawe mjini. Swali la kwanza la mhudumu ni lile lile: "Ya baridi au ya moto?" Mteja hujibu bila kufikiri, chupa inafunguliwa, bilauri inajazwa, na mazungumzo yanaendelea kuhusu Simba na Yanga, bei ya viwanja na foleni ya Barabara ya Morogoro. Bia yenyewe haizungumzwi. Imekuja kukata kiu, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Ipo bia nyingine ambayo ukiipokea namna hiyo umeipoteza. Hizi ni bia nyeusi za abasia za Ubelgiji: rangi yake kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi, povu lake zito, kilevi chake kuanzia asilimia 6.5 hadi kupita 11. Zinaingia Tanzania kwa uchache, kwenye baadhi ya maduka ya vinywaji ya Dar es Salaam na ndani ya mizigo ya wasafiri. Zikifika Kibaha au Kisarawe, mara nyingi huwa ni zawadi: ya harusi, ya kustaafu, au ya kijana aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Hufunguliwa zikiwa zimeganda kwa baridi, zikagidwa kwa mafunda makubwa, kisha mnywaji akatoa hukumu kwamba ni tamu kupita kiasi au ni kali mno.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Mtu wa Pwani ana kila anachohitaji ili kuionja bia hii ipasavyo. Ujuzi wa kuonja umo katika mkoa huu tangu enzi za wagema. Kinachotakiwa ni kuuhamishia kwenye bilauri nyingine.

Kazi ya mikono ya watawa

Tuanze na asili yake. Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia kati ya karne ya 5 na ya 6, aliwaandikia wamonaki wake kanuni ambayo abasia nyingi zinaifuata hadi leo. Sura ya 48 ya kanuni hiyo inawataka waishi kwa kazi ya mikono yao. Sura ya 40 inahusu kinywaji: inamruhusu mmonaki kipimo kidogo cha divai kwa siku, na inamwonya asinywe hadi kushiba. Kazi na kiasi ndiyo mambo mawili yaliyoilea bia hii. Huko kaskazini mwa Ulaya mzabibu hausitawi vizuri, lakini shayiri inasitawi. Basi mahali pa divai pakashikwa na bia.

Miongoni mwa wafuasi wa kanuni hiyo wamo Watrapisti, waliopata jina lao kutokana na abasia ya La Trappe huko Normandie, Ufaransa. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwafukuza, na baadhi yao wakapata makazi Westmalle, Ubelgiji, mwaka 1794. Mwaka 1836 wakaanza kutengeneza bia ya mezani kwao. Abasia ya Scourmont, inayotengeneza Chimay, ilianza kazi hiyo mwaka 1862. Abasia ya Rochefort ina kumbukumbu za bia zinazorudi nyuma hadi mwaka 1595. Na Westvleteren, wanakoishi wamonaki wanaouza bia yao kwa kiasi na kwa wateja walioagiza mapema, imekuwa ikipika tangu miaka ya 1830.

Ukali wa bia hizi una historia yake pia. Mwaka 1919 Ubelgiji ilipitisha sheria, iliyokuja kujulikana kwa jina la waziri Emile Vandervelde, iliyozuia pombe kali kuuzwa kwenye baa. Mnywaji aliyekosa pombe kali alianza kutafuta bia yenye nguvu, na watengenezaji wakamsikia. Mwaka 1926 Westmalle ikaikoleza bia yake nyeusi na kutoa ile inayoitwa Dubbel, yenye kilevi cha asilimia 7, ambayo imekuwa kielelezo cha bia nyeusi za abasia. Mwaka 1948 Padre Théodore wa Chimay aliitenga hamira ambayo ndiyo roho ya bia za abasia hiyo, ikiwemo Chimay ya buluu yenye asilimia 9.

Mnunuzi anapaswa kujua tofauti moja. Bia ya Kitrapisti hutengenezwa ndani ya eneo la abasia, chini ya usimamizi wa wamonaki, na mapato yake hutumika kuendesha monasteri na kusaidia wahitaji. Chama cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1997 huziwekea bidhaa hizo alama ya pembe sita. Bia ya abasia ni neno pana zaidi: huenda ikatengenezwa na kampuni ya kawaida kwa makubaliano na abasia. Leffe, kwa mfano, ina jina la abasia iliyoanzishwa mwaka 1152 karibu na mji wa Dinant, lakini hutengenezwa kiwandani Leuven. Ukosefu wa ile alama haumaanishi kwamba bia ni mbaya. Unamaanisha tu kwamba umenunua kitu kingine, na ni haki yako kujua.

Ujirani tusiouona

Ubelgiji unaonekana mbali ukiutazama kutoka Mlandizi au Maneromango, lakini uko karibu kuliko tunavyodhani. Oktoba 2016 kampuni ya AB InBev, yenye makao makuu Leuven, iliinunua SABMiller, iliyokuwa mwenye hisa mkubwa wa Tanzania Breweries. Tangu hapo Safari, Kilimanjaro na Ndovu ziko chini ya paa moja na Leffe. Mnywaji wa Kibaha anayefungua Kilimanjaro jioni tayari ni mteja wa Wabelgiji.

Wamonaki nao si wageni wa ukanda huu. Mwaka 1888 Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani waliweka misheni yao ya kwanza ya Afrika Mashariki katika vilima vya Pugu, jirani kabisa na Kisarawe. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilivamiwa. Watatu wakauawa na wengine wakatekwa. Watawa wa shirika hilo waliendelea na kazi, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, ambako majina yao yanajulikana kwa hospitali, shule, karakana na mitambo ya uchapishaji.

Hata Watrapisti wa bia wana watoto Afrika Mashariki na Kati. Abasia ya Scourmont, ile ya Chimay, ilianzisha monasteri ya Mokoto huko Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 1954. Wamonaki wa Tilburg, Uholanzi, wanaotengeneza bia ya La Trappe, walianzisha monasteri ya Lumbwa nchini Kenya mwaka 1956. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa mwaka 2007, jumuiya hiyo ilihamia Uganda. Kwa hiyo anayeionja Chimay au La Trappe anaonja kazi ya nyumba ambazo matawi yake yameota kwenye udongo wetu.

Kilichomo ndani ya chupa

Msingi wa bia hii ni kimea cha shayiri. Mchaga anayetengeneza mbege anakijua kimea kwa ulezi: nafaka inaloweshwa, inachipua, inakaushwa, na wanga wake unakuwa tayari kugeuka sukari. Uchungu wa kusawazisha utamu, ambao kwenye mbege huletwa na magome ya msesewa, huku huletwa na maua ya hopsi. Katika bia nyeusi ya abasia hopsi hutiwa kwa mkono mwepesi. Uchungu upo, lakini umekaa nyuma.

Rangi nyeusi ndiyo inayowapotosha wengi. Mnywaji wa Guinness au Castle Milk Stout akiona weusi anategemea ladha ya kahawa, kwa sababu weusi wa bia hizo unatokana na nafaka iliyokaangwa sana. Weusi wa bia ya abasia kwa sehemu kubwa unatokana na sukari iliyopikwa hadi ikaungua kidogo. Kibaha ni mji wenye kituo cha utafiti wa miwa, TARI Kibaha, na watu wake wanajua sukari katika sura zake zote. Sukari iliyoungua huleta ladha ya sukari guru na matunda makavu. Tena huchachuka karibu yote, hivyo huongeza kilevi bila kuifanya bia iwe nzito tumboni. Hii ndiyo sababu bia yenye asilimia 9 inaweza kushuka kooni kwa wepesi, na ndiyo sababu inahitaji adabu.

Kazi kubwa, hata hivyo, ni ya hamira. Hamira za Kibelgiji huachwa zifanye kazi kwenye joto kubwa kuliko lile la bia za kawaida za viwandani, na katika joto hilo hutoa manukato ya ndizi mbivu, zabibu kavu, tende na karafuu. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu kwenye pipa. Harufu hizo ni matunda ya uchachukaji wenyewe. Baadhi ya watengenezaji huongeza kiungo kidogo, kama Rochefort wanaotumia giligilani. Mwisho, bia hujazwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira hai, ikachachuka mara ya pili humo humo. Gesi yake, povu lake na yale mashapo ya chini yote yanatoka hapo.

Namna ya kuonja

Jambo la kwanza ni ubaridi. Jibu la swali la mhudumu, kwa bia hii, ni katikati. Ubaridi mkali huua harufu na kuacha utamu mtupu ulimini. Joto la chumba cha Pwani, lenye nyuzi 30, hupandisha kilevi puani kikafunika kila kitu. Nyuzi 10 hadi 14 zinafaa. Asiye na kipimajoto aitoe chupa kwenye friji ya kawaida, aiache mezani robo saa hadi dakika 20, kisha afungue.

Pili ni chombo. Wabelgiji hutumia bilauri yenye mguu na mdomo mpana, yenye umbo la kalisi ya altareni. Ukiikosa, bilauri ya divai inatosha. Usinywe kwa kupiga tarumbeta. Pua ndiyo inayofanya zaidi ya nusu ya kazi ya kuonja, na mdomo wa chupa hauipi nafasi.

Tatu ni kumimina. Inamisha bilauri, mimina taratibu, inyanyue mwishoni ili povu lipande vidole viwili. Acha funda la mwisho chupani, kwa sababu ndiko yaliko mashapo. Hayana madhara, na wapo wanaoyapenda kwa ladha yake ya mkate, lakini yakiingia kwenye bilauri mapema hufunika ladha nyingine.

Sasa tazama. Inua bilauri kwenye mwanga: bia nyingi za aina hii si nyeusi kabisa, zina wekundu wa rubi pembeni. Nusa kabla ya kunywa, mara mbili, kwa kupumzika katikati. Harufu ya kwanza mara nyingi ni tunda, ndizi iliyoiva hadi ganda kuwa na madoa, au zabibu kavu. Ya pili ni kiungo, karafuu au pilipili manga. Ya tatu ni sukari iliyoungua, ile inayosikika jikoni halua inapopikwa.

Chukua funda dogo na ulizungushe kinywani kabla ya kumeza. Utamu hufika kwanza. Gesi huusukuma utawanyike. Uchungu mdogo hufunga mlango, na baada ya kumeza hubaki joto kifuani. Kama kuna ukakasi, utautambua mara moja: yeyote aliyekulia Kisarawe na kung'ata bibo mbichi chini ya mkorosho anajua ukakasi ni nini, unavyokamata ulimi na kukausha fizi. Katika bia nzuri ukakasi ni mdogo sana, wa kuusafisha ulimi tu kwa ajili ya funda linalofuata.

Subiri. Rudi kwenye bilauri ile ile baada ya dakika 10. Bia imepata joto kidogo na imebadilika: tende imejitokeza, pengine chokoleti, pengine ukwaju kwa mbali. Funda la tatu si funda la kwanza. Hapo ndipo bia hii inapojitenga na ile ya kukata kiu.

Ukipata chupa mbili, anza na nyepesi, Westmalle Dubbel au Leffe Brune, ndipo uende kwenye nzito kama Rochefort 10. Ukigeuza utaratibu, ile nyepesi itaonekana kama maji.

Na kwenye sahani

Mkoa wa Pwani una kitafunwa ambacho Wabelgiji wangeweza kutuonea wivu: korosho. Korosho iliyokaangwa hadi kupata rangi, yenye chumvi kidogo, inakutana na bia nyeusi mahali ambapo mafuta yake yanapunguza ukali na sukari ya bia inainua utamu wa korosho. Mbuzi wa kuchoma anafaa kwa sababu ya ile sehemu iliyoungua juu ya nyama, ambayo ni nduguye sukari ya kuungua. Ndizi mzuzu za kukaanga zinafaa pia. Epuka pilipili kali: kilevi huzidisha moto wake mdomoni na ladha zote huzama.

Wabelgiji wenyewe huipika bia hii. Mchuzi wao maarufu ni wa ng'ombe, vitunguu vingi vilivyokaangwa taratibu hadi vikawa kahawia, bia nyeusi badala ya maji, na kipande cha mkate kilichopakwa haradali cha kuufanya mzito. Huachwa motoni kwa saa mbili au tatu hadi nyama ilainike. Mpishi wa kwetu hatapata shida nao, kwa kuwa jiko la mkaa lenye moto mdogo limeumbwa kwa kazi hiyo.

Shule ya mgema

Nilisema ujuzi wa kuonja umo mkoani. Mtazame mgema. Anapanda mnazi na kotama yake, anakata ncha ya karara, anafunga kibuyu na kurudi asubuhi na jioni. Utomvu huanza kuchachuka wenyewe ndani ya saa chache, ukawa tembo. Mteja wake wa siku nyingi hahitaji kuambiwa: akinusa na kuonja kidogo anajua hili ni la asubuhi, tamu bado; hili limelala, limeshakuwa kali; hili linaelekea siki na linafaa jikoni. Anajua pia lililoongezwa maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na onyo hilo linamhusu mteja pia: sifa za jina haziwezi kuchukua nafasi ya ulimi. Jina la abasia kwenye chupa si ladha.

Tofauti kati ya vinywaji hivi viwili ni muda. Uhai wa tembo huhesabiwa kwa saa. Bia nyeusi kali ya abasia, ikitunzwa gizani na mahali pa baridi, inaweza kuendelea kuiva kwa miaka. Makali hupungua na ladha ya matunda makavu huongezeka. Lakini utunzaji huo ni mgumu chini ya bati la Kibaha mwezi Februari. Joto huizeesha bia haraka na kuipa ladha ya karatasi iliyolowa. Asiye na mahali pa baridi asiweke akiba. Anywe ndani ya miezi michache.

Kiasi ndicho kiini

Hesabu ni muhimu hapa. Chupa ya Kilimanjaro ya mililita 500, yenye kilevi cha asilimia 4.5, ina takriban mililita 22 za kilevi halisi. Chupa ndogo ya Rochefort 10 ya mililita 330, yenye asilimia 11.3, ina mililita 37. Chupa moja ndogo imezidi chupa moja na nusu ya Kilimanjaro. Mtu aliyezoea kuagiza tatu za kawaida jioni akiagiza tatu za hizi, amekunywa karibu tano. Barabara ya Morogoro na ile ya Kisarawe hazina huruma kwa dereva wa namna hiyo. Anayeonja asiendeshe gari, pikipiki wala bajaji.

Pwani pia ni nyumbani kwa Waislamu wengi, na kwa Wakristo wengi wasiokunywa. Kuonja ni jambo la anayetaka, mwenye miaka 18 na zaidi, ndani ya nyumba inayoruhusu. Kumsukumia mtu bilauri asiyoitaka kunavunja heshima ya kinywaji na ya mtu.

Ndiyo maana nasema bia hii ni ya watu watatu kwa chupa moja. Ukiletewa zawadi ya aina hiyo, usiipeleke kwenye friza na usiifungue peke yako. Ita wenzako wawili, kaanga korosho, gawa sawa, na kila mmoja aseme anachokisikia kabla ya kusikia cha mwenzake. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na sababu mojawapo ni kwamba Wabelgiji huongea kuhusu wanachokunywa, hukifundisha na kukitunza. Tembo la Kisarawe na mbege ya Kilimanjaro vinastahili mazungumzo ya aina hiyo hiyo. Kesho ukienda kwa mgema, muulize limegemwa lini, linuse, lionje taratibu, na umlipe bei inayolingana na urefu wa mnazi alioupanda.